Kila ukuta una wanaoulinda

Swali lenu la wiki lilikuwa: michoro na maandishi ya kuta za mijini ni sauti ya wananchi au ni uchafuzi wa mji? Nimekula kwa brashi miaka 26 hapa Kibera, Nairobi, nikiandika vibao vya vinyozi, bucha na vinu vya kusaga unga, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na Januari 2008. Matokeo ya uchaguzi wa rais wa Desemba 2007 yalikuwa yamewageuza majirani kuwa maadui. Katikati ya moshi ule, mchoraji Solomon Muyundo, ambaye hapa tunamwita Solo 7, alizunguka mtaani akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango ya mabati. Sentensi yake moja ilikuwa kwa mtindo wa matangazo ya polisi ya kumsaka mhalifu, ila aliyekuwa akitafutwa, tena akiwa hai, alikuwa amani. Chini yake akaweka jina lake: Solo 7.

Jina hilo ndilo lililonigusa zaidi. Siku zile ukisimamishwa njiani uliulizwa jina la pili, maana ndilo lililotaja kabila lako, na jibu lako lingeweza kukuua. Yeye akajaza mtaa mzima jina ambalo halikuwa na kabila lolote. Kwa jicho la ufundi, herufi zile zilikuwa za haraka, rangi imechuruzika, maneno hayakulingana nafasi. Hakuna mwenye duka angelipia kazi ile. Lakini watu tuliokuwa tukiogopa hata kusalimiana tulipita hapo tukasoma kitu kimoja, na tulijua kwamba aliyekiandika alikuwa nje, barabarani, wakati sisi tumejifungia.

Miaka minne baadaye mambo yakahamia katikati ya jiji. Boniface Mwangi, aliyekuwa amepiga picha za ghasia zile, aliungana na wachoraji wa grafiti wakapaka ukuta barabara ya Muindi Mbingu, karibu na soko la City Market. Walichora mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, ndege mla mizoga, amekaa kitini akijigamba kwamba anaiba kodi na kunyakua ardhi na bado wajinga watampigia kura. Pembeni waliorodhesha maovu yaliyotendeka nchini tangu uhuru. Nilipanda matatu kwenda kuuona. Nilichokaa kukitazama hata hivyo ni watu. Mmoja alikuwa anasoma orodha kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Mama mwenye kikapu akasema, "Hiyo ya ardhi naikumbuka." Gazeti husomwa na mwenye pesa ya kulinunua, ukuta ule ulisomwa na aliyekuja kununua nyama.

Najua watakaosema kwamba zile ni kuta za watu, na kupaka ukuta wa mwenzio bila ruhusa ni kosa. Nawasikia. Mimi mwenyewe sigusi ukuta kabla sijaongea na mwenyewe. Lakini tembeeni mtaa wowote wa Nairobi mhesabu maduka yaliyopakwa rangi za kampuni za simu, sabuni na soda kutoka paa hadi chini. Nimezipaka nyingi kwa mkono wangu. Sijawahi kusikia mtu akiziita uchafuzi.

Kwangu mimi swali zito ni nani ataulinda mchoro ukishakauka. Hapa huja wageni na ngazi na makopo ya rangi, wakachora mtoto anayetabasamu, wakapiga picha, wakaenda zao. Baada ya miezi mitatu mtu amebandika bango la mganga juu ya uso wa yule mtoto, na hakuna aliyelalamika. Haukuwa wetu. Linganisheni na treni. Wakati wa ghasia za 2008 vijana wenye hasira waliing'oa reli inayopita Kibera. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, vijana wa hapahapa wakishirikiana na mchoraji Mmarekani, Joel Bergner, walipata kibali cha kuyapaka mabehewa ya treni ujumbe wa amani. Kitu ambacho ndugu yako amekipaka kwa mkono wake, unafikiri mara mbili kabla ya kukirushia jiwe.

Kazi yangu iliyofaa watu kuliko zote haikuwa na picha hata moja. Mwaka mmoja wa kiangazi mifereji ilikauka na mwenye kibanda cha maji akawa anapandisha bei kila asubuhi. Akina mama wa plot yetu na zile za jirani wakamkalisha chini, wakaelewana shilingi kumi kwa mtungi. Kesho yake wakanijia: "Fundi, tuandikie, tena kubwa." Walichanga pesa ya rangi ya mafuta na thina. Nikaandika kwenye mabati ya kibanda, herufi nyeusi juu ya nyeupe, za kimo cha mkono wangu: MTUNGI SHILINGI KUMI.

Usiku ule yakafutwa. Nikaitwa, nikaandika tena. Yakafutwa tena. Mara ya tatu akina mama walileta viti vyao vya plastiki, wakakaa mbele ya mabati wakichambua sukuma mpaka rangi ikakauka, na giza lilipoingia wawili wakabaki. Hayakufutwa tena.

Mabati yale yapo mpaka leo. Mwaka jana nilirudi kuyapiga rangi upya. Bei imebadilika, na mwenye kibanda aliponiambia niandike ngapi nilimwomba asubiri kwanza niwaulize akina mama.