Mikondo minne, vipimo vinne

SWALI: Ninasimamia taaluma katika shule ya msingi ya serikali, Dar es Salaam. Darasa la Nne lina mikondo minne, kila mmoja watoto 100 hivi, kwa zamu mbili. Hisabati mkondo A wanapata wastani wa 70, mkondo C 45, lakini mtihani wa kata ukija wanalingana. Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) vinaishia kwenye matangazo. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, anzieni kwenye kazi za watoto. Kila mwalimu anatunga jaribio lake na kusahihisha ajuavyo, kwa hiyo hata mkinakili azimio la kazi (mpango wa kufundishia) neno kwa neno, tofauti hiyo itabaki palepale.

Chagueni umahiri mmoja, tuseme kutoa kwa kukopa. Tungeni pamoja maswali matano, yaandikwe ubaoni. Hakuna haja ya kumchangisha mzazi hela ya kudurufu. Zamu ya mchana badilisheni tarakimu, maana majibu yatawahi getini kabla yao, ila sifuri ya katikati ibaki: 503 − 278 iwe 604 − 389.

Kwenye rejesta chukueni kila mtoto wa 20, yaani watano kila mkondo. Msichague wanaojiweza. Funikeni majina. Saa 6 mchana zamu zinapopishana, kila mwalimu asahihishe kazi zote 20 na kuandika alama kwenye karatasi yake mwenyewe, bila kuandika chochote kwenye ya mtoto. Ndipo mlinganishe.

Kwenye 503 − 278 jibu ni 225. Aliyepata 375 hakubahatisha: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa. Aliyepata 235 amekopa, akasahau kwamba ile kumi imebaki tisa. Mmoja wenu atawapa wote sifuri, mwingine atampa wa pili nusu. Bishaneni hapo mpaka mkubaliane, muandike uamuzi kwa sentensi moja na kuubandika ofisini. Huyo wa 375 arudi kwenye mafungu ya vijiti; wa 235 anahitaji mazoezi ya sifuri tu.

Angalieni mahudhurio pia. Aliyekosa vipindi kwa sababu alikuwa gengeni na mama yake hana shida moja na aliyefundishwa asielewe.

Matangazo yahamie kwenye ubao wa ofisi. Na mwalimu mkuu asizitumie alama hizi kumsema mtu. Akifanya hivyo mara moja tu, mkondo C nao utapata 70 za karatasini.

Baada ya wiki mbili wapimeni tena watoto walewale 20.