Maswali na majibu: Mtoto haonekani mpaka afike P1

Shule za Uganda, zilizofungwa kwa ajili ya korona, zilifunguliwa Jumatatu, Januari 10, 2022, na meza yangu ikajaa barua. Nyingi zinauliza jambo moja, kwa hiyo naanza nalo nilimalize.

Nasari (shule za awali) nazo zimefunguliwa, au ni P1 (darasa la kwanza la msingi) kwenda juu? (Mama wa wawili, Mbale)

Zimefunguliwa. Bebi, mido, topu, madarasa yote matatu ya nasari. Redio zimetangaza kutwa kucha. Tafadhali msiniandikie tena.

Wakati wa korona serikali ilikopa pesa nyingi. Mbona nasari ya mtaani kwetu haikuona hata shilingi? (Mzazi, Busia)

Kwa sababu kisheria nasari ni mzigo wako wewe. Sheria ya Elimu ya 2008 inasema wazi kwamba elimu ya awali inaendeshwa na watu binafsi na gharama ni ya wazazi au walezi. Serikali imejibakizia mtaala, usajili na ukaguzi. Mtoto anaanza kuhesabiwa akiingia P1, kwenye UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa tangu 1997. Kabla ya hapo ni wa mama yake.

Mtaani wanasema pesa za korona zililiwa. Hata zisingeliwa, zisingefika. Mei 2020 IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ilitukopesha dola milioni 491.5, lakini pesa ya serikali hupita kwenye mfereji: orodha ya mishahara, ruzuku ya mwanafunzi, akaunti ya shule. Ndiyo maana mwalimu wa P3 wa shule ya serikali aliendelea kupokea mshahara huku analima muhogo. Nasari ya kwenye varanda ya kanisa au nyuma ya msikiti haina mfereji hata mmoja.

Shule zilifungwa Machi 20, 2020. Watahiniwa wakarudi Oktoba, madarasa mengine yakafuata kwa zamu, mpaka Juni 2021 wimbi la pili likafunga yote. Nasari hazikuitwa hata siku moja. Karibu miezi 22! Hapa mtaani mwenye nasari alishindwa kodi ya nyumba, akakodisha viti vya watoto kwa mama mmoja anayeuza malwa, pombe ya kienyeji ya kunyonywa kwa mirija, kwa kujificha, maana baa zilikuwa bado zimefungwa kwa amri. Nimewakuta wazee wazima, magoti yamefika kidevuni, mirija mdomoni, wamekalia viti vya njano na bluu. Kimoja bado kina kibandiko cha jina la mtoto wa jirani yangu.

Na asije mtu kuniambia kuna sera jumuishi ya makuzi ya mtoto mdogo ya 2016. Ipo. Imezikalisha wizara kadhaa kwenye meza moja. Mwalimu wa bebi hajawahi kulipwa na meza.

Mimi ni mwalimu wa mido, Bombo. Tulipofungiwa nilianza kukaanga rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai. Sasa mkurugenzi ananiita nirudi kwa mshahara uleule wa 2020. Nirudi? (Mwalimu)

Dada yangu, piga hesabu ya sigiri yako kwanza. Kama chapati na mayai vinakulipa zaidi, hakuna aibu. Ukirudi, usirudi kwa maneno matupu kama mwanzo. Dai barua inayotaja kiasi na tarehe ya kulipwa. Wengi wenu Machi 2020 hamkuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu kwamba mmeajiriwa. Ile laki moja ya msaada wa serikali ya kwenye simu, Julai 2021, ilikuwa ya mijini na ya mara moja tu. Na pesa za SACCO (chama cha akiba na mikopo) wanazowaimbia ni mkopo. Mkopo hurudishwa, hata kama darasa lako halijajaa.

Mwenye nasari anadai salio la muhula wa kwanza wa 2020. Nilipe? (Jinja)

Muhula ulianza Februari ukakatika Machi. Wiki hizo mtoto alisoma na uji alikunywa, kwa hiyo lipa. Za baada ya hapo akaidai korona.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne tulipofungiwa. Sasa ana sita, hajawahi kukaa darasani. Mwalimu mkuu anataka afanye intavyu ya Kiingereza ndipo aingie P1. Nimrudishe bebi? (Bibi, Arua)

Shikamoo, bibi. Usimrudishe. Miaka sita ni P1, sheria ndiyo ilivyo. Mwaka 2022 wizara iliwapandisha darasa wanafunzi wote bila mtihani. Iweje huyu asiyewahi kufundishwa ndiye apimwe? Tena kwa Kiingereza, wakati mtaala ulioanza 2007 unataka P1 hadi P3, hasa vijijini, wafundishwe kwa lugha ya nyumbani! Chukua kadi yake ya chanjo yenye tarehe ya kuzaliwa, urudi kwa huyo mwalimu. Akikataa tena, nenda kwa afisa elimu wa wilaya.

Nyumbani mhesabishe maharage kabla hujayainjika, na umtume dukani akiwa na vitu viwili vya kukumbuka. Vile vitabu vya rangi wanavyouza stendi eti vya kuziba pengo la korona, viache hukohuko.

Kweli ng'ambo Wakenya wanasoma nasari bure? (Bodaboda, Busia)

Si bure kila mahali. Ila katiba yao ya 2010 imekabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na kaunti ndizo zinazoajiri walimu. Tanzania nako, elimu bila ada ya 2016 inalihesabu darasa la awali lililo ndani ya shule ya msingi ya serikali. Malalamiko hayakosekani huko, ya madarasa kufurika na mikataba ya walimu kuchelewa. Lakini mzazi wa kule ana mlango wa kugonga. Mimi nikitaka kulalamikia nasari ya mtaa wetu niende kwa nani, kwa muuza malwa?