Re: Fainali ya Kombe la Thomas 2022 (badminton, timu za taifa za wanaume) mbona iliishia mechi tatu?

Mkuu habari. Umeuliza kwa nini ratiba iliandika mechi tano, halafu India na Indonesia wakamaliza na tatu pale Bangkok. Hata mimi nilidhani kingamuzi kimekata!

Angalia kwanza kama ni makundi au mtoano. Kwenye makundi zinachezwa zote tano: tatu za mmoja mmoja, mbili za wawili wawili. Kwenye mtoano, timu ikifikisha ushindi wa tatu, mchezo umeisha, watu wanafunga mabegi.

Siku ile Lakshya Sen wa India alipigwa seti ya kwanza 21-8 na Ginting wa Indonesia, nikasema India basi tena. Akageuza, 21-17 na 21-16. Wakafuata Satwik na Chirag, wawili wa India, nao wakatokea nyuma. Srikanth akamalizia kwa kumfunga Jonatan Christie wa Indonesia, 21-15 na 23-21. Tatu bila, kombe la kwanza kwa India.

Hiyo 23-21 isikuchanganye: ikiwa 20-20 lazima uongoze kwa pointi mbili, hadi kikomo cha pointi 30.

Ila marudio uliyoona wewe kama yalikatwakatwa, hapo siwezi kukusemea.