Pima Kwanza, Ndipo Tuzungumze Homoni

Homoni zangu zimevurugika. Nitumie dawa gani? (Msomaji wa Sakina, Arusha, na wengine sita walioniandikia hayohayo wiki hii)

Homoni zipi? Insulini inatoka kwenye kongosho. Kotisoli inatoka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Thairoksini inatoka kwenye tezi ya shingo. Kila moja ina kazi yake na kipimo chake. Kuniambia tu kwamba "homoni zimevurugika" ni sawa na kumpigia fundi simu, ukamwambia gari bovu, kisha ukakata.

Na nani kakwambia zimevurugika? Kama ni muuzaji wa chupa pale stendi aliyekutazama usoni, basi hajapima chochote. Homoni haisomwi kwenye ulimi wala kiganja, inasomwa kwenye damu. Niandikie upya: hedhi imeruka miezi mingapi, uzito umepanda au umeshuka, unasikia baridi wakati wenzako wanavua masweta, usiku unaamka kukojoa mara ngapi. Hapo nitakwambia uanzie wapi. Kama ni hedhi iliyoruka, kipimo cha kwanza ni cha mimba, hata kama una uhakika huna.

Shikamoo mama. Nina uvimbe mbele ya shingo, nikimeza mate unapanda na kushuka. Mama mkwe anasema umetokana na kubeba mikungu ya ndizi kichwani tangu usichana. Ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Kibosho)

Marahaba mwanangu. Mama mkwe mheshimu, lakini ndizi hazileti rovu. Uvimbe unaopanda ukimeza ni wa tezi ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo imeshikamana na koromeo. Inahitaji madini joto ili itengeneze homoni yake. Yakipungua, pituitari, tezi ya chini ya ubongo yenye ukubwa wa punje ya njegere, inaipelekea amri juu ya amri iongeze kazi. Nayo inatii, inatanuka mwaka hadi mwaka ikijaribu kukamata kila chembe inayopita kwenye damu.

Sisi watu wa milimani tuna sababu ya kuwa waangalifu. Mvua imeosha madini joto kwenye udongo wa miteremko kwa karne nyingi, kwa hiyo hata mboga ya shambani inayo kidogo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 sheria yetu inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250.

Sasa niruhusu niingie jikoni kwako. Nimetembelea majiko mengi, na mara nyingi chumvi naikuta kwenye kopo la maziwa lisilo na mfuniko, limekaa kando ya mafiga, mvuke wa sufuria unaipiga mpaka imeloa na kushikana. Hiyo imeshapoteza sehemu ya madini yake. Iweke kwenye chombo cha kufunga, mbali na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Usiongeze kiasi, maana presha nayo ipo. Chumvi ya mawe ya ng'ombe waachie ng'ombe. Magadi si mbadala wa chumvi hata kidogo. Ya kwetu huku yana floridi nyingi, ileile inayowaacha watoto wetu na meno ya kahawia.

Lakini uvimbe uliokwisha kutokea usiutibu kwa chumvi. Nenda ukapimwe TSH, ile amri ambayo pituitari inaipelekea tezi ya shingo kupitia damu, kwa sababu tezi iliyovimba inaweza kuwa inafanya kazi kupita kiasi (moyo unakwenda mbio, unakonda huku unakula, mikono inatetemeka) au chini ya kiasi (baridi, uchovu, choo kigumu). Sauti ikikauka au uvimbe ukikua haraka, nenda wiki hii. Kama una mimba au unaitafuta, nenda kesho. Miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto unajengwa kwa homoni ya tezi yako wewe, yake bado haijaanza kazi.

Nameza levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi ya shingo, mwaka wa pili na vipimo havitulii. (Mwalimu, Tengeru)

Unaimeza na chai ya maziwa, sivyo? Imeze na maji matupu asubuhi, kisha subiri angalau nusu saa ndipo unywe chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Pima tena baada ya wiki sita hadi nane.

Nguvu za kiume zimepungua, nina miaka 46. Naomba jina la dawa ya kuongeza testosteroni. (Dereva, Moshi)

Pima sukari na presha kwanza. Jina la dawa sikupi.

Kuna vidonge vya kunenepa vinauzwa, rafiki zangu wametumia na mashavu yamejaa vizuri. Vina madhara? (Binti wa miaka 22, Kijenge)

Vingi vya namna hiyo ni steroidi, deksamethasoni au predinisoloni, dawa ninazoziheshimu sana zinapoandikwa na daktari kwa pumu au ugonjwa mwingine unaozihitaji. Zinaiga kotisoli. Pituitari ikiona damu imejaa, inaacha kuzituma tezi za juu ya figo, nazo zinalala na kusinyaa. Kwa nje unaona shavu. Kwa ndani sukari inapanda, mifupa inaliwa, misuli ya mapaja inaisha.

Nilipokuwa wodini tuliletewa binti wa umri wako usiku. Uso mviringo, miguu myembamba, tumboni michirizi ya zambarau upana wa kidole. Presha 70 kwa 40, sukari imeshuka, anatapika. Dada yake alifungua mkoba akatoa kifuko cha nailoni chenye vidonge vidogo vyeupe, visivyo na jina. Alivitumia miezi minane, hela ikaisha akaacha ghafla, kisha nimonia ikampata. Mwili unapougua unadai kotisoli nyingi, na tezi zake hazikuwa na cha kutoa. Tulimpa maji na haidrokotisoni ya mshipa, na asubuhi alikaa kitandani akaomba uji. Angechelewa hadi kupambazuka, tungempoteza.

Kwa hiyo usianze. Na wenzako wanaotumia waambie jambo hili kwa jina langu: wasiache kwa siku moja. Waende hospitali na vidonge hivyo mkononi, waseme ukweli, wapunguziwe dozi polepole.

Mimi ni mpagazi, napanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nimesikia mlimani damu inaongezeka. Inakuwaje? (Msomaji, Marangu)

Figo zako zinanusa upungufu wa oksijeni na kutoa homoni iitwayo erithropoietini, inayoagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Homoni inapanda ndani ya saa chache, ila chembe zenyewe zinachukua wiki. Mgeni wa siku tano hafaidi hilo. Kinachomsaidia ni kupumua haraka na kupanda polepole. Ukimwona kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720, anayumba kama mlevi au anakohoa povu, mshusheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama amelipia kilele.

Mwanangu ana miaka 11, ameanzishiwa insulini mwezi uliopita. Majirani wanasema akizoea hataacha, na kuna mzee ana mizizi ya kutibu. Nimechanganyikiwa. (Baba, Ngaramtoni)

Pole sana, baba. Nakujibu bila kupepesa. Insulini haimzoeshi mtu. Kongosho lake limeacha kuitengeneza, na bila hiyo sukari inabaki kwenye damu huku mwili unakufa njaa. Kabla ya Januari 1922, mtoto wa kwanza alipodungwa insulini kule Toronto, Kanada, watoto kama wako walikuwa wanakonda na kufa. Huyo wa kwanza, Leonard Thompson, alikuwa na miaka 14 na amebaki mifupa. Aliishi miaka mingine 13.

Hakuna mzizi unaofanya kazi hiyo. Akikosa sindano hata siku moja au mbili unaweza kumwona anapumua kwa nguvu, anatapika, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza, na hapo ni kumkimbiza hospitali. Kama huna friji, chupa iweke ndani ya kifuko kisichopitisha maji, kwenye mtungi wa udongo wenye ubaridi, kivulini, na usiiache igande. Iliyofunguliwa itumike ndani ya wiki nne. Majirani wakija na mzee wao, wakaribishe chai. Mtoto apate sindano yake jioni hii.