Jibu: Ni joto au mbolea inayomaliza oksijeni baharini?

Ndugu, umeuliza ni kipi kati ya joto na mbolea kinachomaliza oksijeni baharini. Ni vyote viwili, ila kila kimoja kina mahali pake. Bahari kuu inaumizwa zaidi na joto: maji yakipata joto hayashiki oksijeni nyingi, tena yanakaa juu ya yale ya baridi na kuzuia hewa isishuke. Tangu 1960 bahari zimepoteza kama asilimia 2 ya oksijeni yake.

Pwani, sasa, ni mbolea na maji machafu. Mwani unashiba, unazaana ovyo, unakufa, unazama; bakteria wanaouozesha ndio wanaomaliza oksijeni ya chini. Ghuba ya Meksiko inapatwa na hilo kila majira ya joto, kwa mbolea inayoletwa na mto Mississippi.

Na sisi wa Bukavu? Ziwa letu la Kivu lina kina cha mita 485, lakini oksijeni inaishia kwenye mita 60 hivi. Sambaza, wale samaki wadogo, wote unaowaona sokoni Kadutu wameishi humo juu tu! Ila hapa usiilaumu mbolea: ni chemchemi za chumvi zinazoingia chini ndizo zinazotenganisha maji ya chini na ya juu, oksijeni isishuke.