Ruzuku ya unga: usikope ukajaza duka kwa maneno ya kijana wa mauzo

Dada wa Malindi, umeuliza mambo matatu: serikali ikitaka familia zipumue, bora irudishe ruzuku ya unga, ipunguze VAT (kodi inayoongezwa kwenye bei ya bidhaa), au iwaongezee wazee pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwatumia pesa? Maswali ya maana. Lakini pale chini umepenyeza kwamba kijana wa mauzo amekwambia uchaguzi wa 2027 unakaribia, ruzuku itarudi, kwa hivyo kopa ujaze duka sasa na bei ikishuka "tofauti utarudishiwa". Waliokujibu juu yangu wote wamelipita hilo wakakimbilia siasa. Mimi naanzia hapo. USIKOPE.

Nina duka la rejareja Kisauni, Mombasa. Julai 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa sima ilikuwa imeshapita shilingi 200, na kila mzigo mpya ulikuja na bei mpya. Kulikuwa na msambazaji mmoja, simtaji, anajijua. Kijana wake alikuwa akipita na daftari, shati limepigwa pasi, kila mtu kwake ni "bosi". Akaniambia, bosi, wiki ijayo inapanda tena, chukua mzigo. Nikamuuliza, na serikali ikiishusha? Maana uvumi ulishaanza na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Akacheka kama mtu aliyesikia swali la mtoto. "Ikishuka kampuni inakurudishia tofauti, bosi, ndiyo kawaida."

Kawaida ya wapi, sijui mpaka leo. Nikachukua pesa za chama chetu cha akiba, nikaongeza mkopo wa simu, mabunda yakafika dari. Mke wangu akauliza kama tumefungua kinu.

Tarehe 20 Julai Rais Uhuru Kenyatta akatangaza: pakiti ya kilo mbili inashuka kutoka 205 hadi 100, kuanzia siku ileile. Mimi nilikuwa nimenunua kwa karibu mara mbili ya hiyo 100. Mtaa mzima ulishangilia, na mimi nilishangilia pia, kwa sababu nilijua nitarudishiwa tofauti. Cheka tu, nimezoea.

Sasa sikiliza jinsi ile ruzuku ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo pesa yangu ilipozama. Serikali haikumpa mama wa nyumbani shilingi yoyote, wala mwenye duka. Ilikubaliana na wenye vinu: ninyi uzeni kwa bei ya chini kwa wiki nne, sisi tutawafidia. Kwa hiyo unga uliohesabika ni ule unaotoka kinuni baada ya makubaliano. Ule uliokwishatoka, uliolala dukani kwangu umelipiwa bei kamili, haukuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Bei ilishuka kwa wote, fidia ikaenda kwa wachache. Na hata hao wachache walikuja kulalamika baadaye kwamba serikali haijawamalizia pesa zao. Kama kinu chenye mawakili kinadai, wewe mwenye kibanda na daftari la madeni utadai kwa nani?

Basi ukadhani angalau unga wa 100 ulijaa madukani? Supermaketi ziliweka kiwango, mteja pakiti moja au mbili, na asubuhi rafu ziko tupu. Kwa hivyo unga wa 100 ulikuwa redioni, wa 200 ulikuwa kwangu, na watu hawakununua wowote. Wakija wanashika pakiti, wanaigeuza, wanauliza kwa nini sifuati amri ya rais. Bibi mmoja jirani, aliyenijua tangu navaa kaptula, akaniambia mbele ya watu, "Mwanangu, na wewe umekuwa mlanguzi?" Ningemwonyesha risiti, lakini ukishaanza kumwonyesha bibi risiti umeshashindwa.

Kuna atakayesema ningengoja tu, maana baada ya uchaguzi wa 9 Agosti mpango uliisha na bei ikarudi juu. Kweli ilirudi. Mkopo wa simu haungoji uchaguzi, ndugu yangu. Na unga haupendi joto la pwani. Chini ya rundo wadudu walishaanza makazi yao. Nikauza kwa hasara ulio mzima, ulioharibika ukaenda kwa wafuga kuku. Katika mtaa wetu familia zilizopumua mwezi ule ni za kuku.

Yule kijana? Simu haipatikani. Nikaenda mpaka ofisini kwa msambazaji, wakaniuliza barua iko wapi. Barua gani? Ya kurudishiwa tofauti. Sina. Basi, mzee, hatuna la kufanya. Nilikuja kumwona kijana miezi kadhaa baadaye anauza matangi ya maji, shati lilelile, na bado ananiita bosi!

Tarehe 13 Septemba Rais Ruto alipoapishwa alisema jaribio lile la unga lilimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila matokeo. Mchango wangu haukutajwa.

Kwa hivyo ukiniuliza sera gani inasaidia familia, nakujibu kwa swali: pesa inaingia kwa nani, na nitaiona kwenye risiti? Gesi ya kupikia iliwekewa VAT ya asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Hiyo naweza kuifuata kwenye karatasi ya msambazaji, mstari kwa mstari. Mbolea nayo ilitiwa ruzuku, gunia la kilo 50 likatoka 6,500 hadi 3,500, kisha 2,500. Haikumshibisha mtu usiku ule, na mwaka 2024 tukasikia kuna magunia ya ruzuku yasiyo na mbolea ya maana ndani, Kenya hatukosi vituko. Lakini mkulima aliyepata iliyo nzuri alivuna, na mvua ikasaidia, unga ukashuka bila rais kusimama kwenye kipaza sauti. Mimi nilijua umeshuka kwa sababu karatasi ya mzigo ilisema hivyo.

Kanuni yangu ni hii moja, na usiibadilishe: mtu akikwambia ruzuku inakuja, akuandikie nani analipwa, kwa mzigo upi, mpaka tarehe gani. Kama jina la duka lako halimo kwenye karatasi hiyo, wewe ndiye unayelipa. Bei inapocheza, weka mzigo wa siku chache tu. Utakosa faida kidogo, utalala.

Huyo kijana mpigie leo. Mwambie aweke hayo maneno ya kurudishiwa kwenye karatasi yenye muhuri wa kampuni na saini ya meneja, si yake. Najua atakachokujibu, lakini mpigie tu, halafu rudi hapa utuandikie kasema nini. Na kama amevaa shati jeupe la mistari ya buluu, niulizie habari za matangi.