Bastola ya kubadilisha vipande: inunue kwa ajili ya kiganja chako

Wenzetu wanaoingia kazi ya ulinzi wa silaha hapa Texas wakinipigia simu, swali huwa moja: ninunue bastola gani? Siku hizi swali lina mkia. "Na hii ya kubadilisha vipande, dada, ni kweli moja yatosha kwa kila kitu?"

Kwa kiganja chako, yatosha sana. Kwa kila kitu, hapana. Mimi nimelipia jibu hilo kwa pesa zangu.

Mikono yangu ni midogo. Nilipoanza kulinda maghala usiku huku Dallas, kampuni ilitaka kila mlinzi aje na silaha yake, na mimi nikanunua ile niliyoona viunoni mwa wengine. Mpini wake ulikuwa mnene kama chupa ya soda. Ili kidole cha shahada kifike kwenye triga ilinibidi niuzungushe mkono wote, na hata hivyo kilichofika ni ncha tu. Risasi zangu zilikwenda kushoto, kila mara kushoto. Mkufunzi akadhani naogopa mlio. Nilitumia miezi kadhaa nikijilaumu, kumbe nilikuwa navaa kiatu cha mtu mwingine.

Hapo ndipo mzee mmoja wa Tanga, aliyekuwa zamu moja nami, aliponishikisha bastola yake ya kubadilisha vipande, SIG Sauer P320 yenye mpini mdogo. Kidole kilikaa palipotakiwa bila kutafutwa.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana wauzaji hulipita jambo hili haraka. Katika bastola nyingi zenye mwili wa plastiki, fremu unayoishika ndiyo silaha yenyewe machoni pa sheria ya Marekani. Nambari yake ya utambulisho imo humo. P320, iliyotoka mwaka 2014, imefanya tofauti. Triga na vyuma vinavyofanya kazi nayo vimekaa ndani ya kiunzi kimoja kidogo cha chuma, na nambari imechongwa kwenye kiunzi hicho. Kiunzi ndicho bastola. Mpini wa plastiki ni vazi tu: unaununua kama unavyonunua kifuniko cha simu, unaletewa nyumbani, bila kujaza fomu wala kuchunguzwa upya. Slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikifyatuka) na mtutu navyo hubadilishwa, mrefu kwa mfupi, hata aina ya risasi. Kampuni ya Springfield ilifuata njia hiyo na bastola yake Echelon mwaka 2023, na ya Ruger ikaja na RXM baadaye.

Jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua P320 Januari 2017, ichukue nafasi ya Beretta M9 iliyokuwepo tangu 1985. Mkataba wenyewe ungeweza kufika dola milioni 580. Mojawapo ya mambo waliyotaka ni silaha moja itakayokaa vizuri katika mikono ya askari wa kila umbo, wanawake wakiwemo. Nikisoma hayo huwa nacheka peke yangu. Shida yangu ya ghalani ilikuwa shida ya jeshi zima.

Basi nikanunua yangu, na mpini mdogo kwa dola 50 hivi. Wiki mbili baadaye risasi zilikuwa katikati. Faida nyingine niliyoipenda ni kwamba kuifungua kwa usafi hakuhitaji kuvuta triga, kama inavyohitajika kwa bastola za Glock. Mtu aliyetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi macho yakiwa mekundu, hatua moja ya hatari ikipungua ni neema. Lakini usijidanganye: toa magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), vuta slaidi, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Kila mara, hata kama uliikagua dakika tano zilizopita.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Sikuishia hapo. Nilinunua mpini mrefu wa mazoezi, kisha mfupi zaidi wa kubeba chini ya nguo, kisha slaidi ya pili iliyofungwa kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu. Kila Jumamosi bastola ilikuwa na sura mpya. Niliona nimepata bastola tatu kwa bei ya moja. Siku nilipoketi na risiti zangu nikakuta zimepita bei ya bastola mbili kamili, na bado kiunzi kilikuwa kimoja. Kiunzi kikiwa kwa fundi, mipini yako yote ni plastiki kabatini.

Magazini ndizo zilizonitia adabu. Ndefu ya risasi 17 huingia kwenye mpini mfupi, itachomoza tu chini. Ile fupi haifiki juu ndani ya mpini mrefu. Inaelea humo bila kunasa. Jumatatu moja nilibadilisha mpini usiku, nikachukua magazini zile zile za Jumamosi, na nilipoingia zamu magazini ikadondoka kwenye lami mbele ya dereva wa lori. Ala, yaani mfuko wa bastola wa kiunoni, nayo ilikuwa ya slaidi fupi, nami nimevaa ndefu. Msimamizi hakusema kitu. Mzee wa Tanga ndiye aliyenisubiri mapumziko ya chai.

"Binti," akasema, "bastola si kabati la nguo."

Tangu siku hiyo, bastola ya kazini nimeifunga isibadilike: mpini mmoja, slaidi moja, ala moja, magazini tatu nilizozijaribu kwa risasi halisi. Ukibadilisha kipande chochote, hiyo ni silaha mpya kwako mpaka uirudishe uwanja wa shabaha. Na usiibadilishie vipande mahali pa kazi, wala gizani, wala ukiwa na haraka.

Nisifiche upande wa pili wa P320. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuziboresha bure zile zilizokwisha uzwa, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zingeweza kufyatuka. Baadaye zikafuata kesi za watu wanaodai zimefyatuka bila triga kuguswa. Kampuni inakana, lakini idara kadhaa za polisi, ya Milwaukee ikiwemo, ziliachana nayo. Mimi yangu ilikuwa imekwisha boreshwa nilipoinunua. Ukinunua ya mkono wa pili, muulize muuzaji jambo hilo kabla ya bei. Kwa maoni yangu hilo ni suala la bastola ile, si la vipande kubadilika kwa jumla, na sasa kuna nyingine za kuchagua.

Na kuna mtu huwa anauliza kama hahitaji haya yote. Kama mkono wako ni wa kawaida, pengine kweli huhitaji. Glock tangu kizazi cha nne, mwaka 2010, huja na migongo ya kubandika nyuma ya mpini. Nenda duka lenye uwanja wa kukodi silaha, shika tatu au nne, piga risasi hamsini kwa kila moja. Kukodi ni rahisi kuliko kununua kimakosa, muulize aliyefanya hivyo.

Jambo la mwisho ni la kwetu. Binamu yangu wa Nakuru, mwenye leseni yake halali, aliniomba nimfungie mpini mmoja kwenye sanduku nikienda Desemba. "Ni plastiki tu, dada." Huku ni plastiki tu. Kule sheria inatazama vipande vya silaha kwa jicho jingine kabisa, na hata kuvitoa Marekani kuna kibali chake. Nilimpelekea viatu.